Neno la Siri la Deodata

Deodata alikuja Nyamahanga akiwa bibi harusi kutoka Rulenge, na wiki hiyohiyo ya kwanza akaaibika. Aliweka chumvi kwenye maharage, akaenda kuchota maji, akarudi, akaweka tena. Mumewe, Sostenes, alikula sahani nzima bila kukunja uso, akanywa kata nzima ya maji, ndipo akasema, "Ahsante, Chumvimbili." Basi! Jina likamganda. Lakini lilikuwa la mle ndani tu. Mbele ya watu, tangu wapate binti, alimwita Mama Felisita, kama watu wote wenye adabu zao.

Na kurekodi alivyokupenda yule mwanamume, jamani! Tangu anunue simu kubwa, alirekodi kwaya, alirekodi mvua juu ya bati, hata jogoo. Siku jirani yao Celestini alipokuja kukubaliana naye mpaka wa shamba, alirekodi pia, na Celestini mwenyewe akijua na kucheka. "Minyaa hii ndiyo mpaka," Celestini anasikika akisema. "Hata tukifa."

Kweli Sostenes akafa, akazikwa shambani karibu na minyaa. Haikupita miaka miwili Celestini akaing'oa, akadai shamba lake linafika ng'ambo ya kaburi. Mtu mzima yule! Deodata alikasirika hadi chakula hakipiti. Shamba angeweza kulilia akanyamaza, kaburi, hapana.

Akafunga safari hadi Biharamulo mjini kwa Tecla, msaidizi wa kisheria, binti ambaye angeweza kumzaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sauti ya mume wangu ninayo humu kwenye simu yake. Niwatumie watu wote kwa wasapu, wamjue huyo mwongo?"

"Weee, mama, usithubutu! Ikishazunguka kwenye simu za watu, watasema imechezewa."

Tecla akainakili sauti kwenye flashi mbili, nzima nzima, hata kikohozi hakukigusa: moja ya Baraza la Ardhi, nyingine ya wakili wa Celestini. Simu yenyewe ikaingia kwenye bahasha, ikagundishwa, wote wawili wakasaini juu ya mdomo wake. Ingekaa barazani kama kielelezo mpaka kesi iishe. Hapo Deodata moyo ulimuuma. Kila jioni alikuwa akipika huku Sostenes akiongea ndani ya simu ile. Sasa jikoni kungekuwa kimya.

"Flashi tunazifunga kwa neno la siri," Tecla akasema. "Chagua neno ambalo mtu mwingine halijui."

Lilikuwapo moja tu. Akamnong'oneza.

Wiki iliyofuata Tecla akampigia kwenye kisimu kidogo kilichobaki nyumbani. Flashi imemfikia wakili wa Celestini, sasa anataka neno la kuifungulia.

"Apewe? Si ulisema ni la siri!"

"Siri kwa wengine, mama. Yeye ana haki ya kusikia kabla ya siku ya kesi. Asiposikia, ushahidi wetu unaweza kukataliwa. Ndiyo maana hatukuliandika kwenye bahasha, linasemwa kwa mdomo. Nimwambie mimi?"

Deodata aligeukia shambani. Akaliangalia kaburi.

"Hapana. Nitalisema mwenyewe."

Tecla akamuunganisha na wakili. "Chumvimbili," Deodata akasema, na uso ukamwaka kwa aibu, peke yake pale uani.

"Chumvi... halafu mbili?" wakili akauliza.

"Ni pamoja. Usitenganishe."

Tangu Sostenes azikwe, hakuna mwanamume aliyekuwa amelitamka jina lile. Alikaa juu ya kinu akalia, akacheka, akalia tena. Alimkumbuka mumewe, we acha tu.

Siku ya kesi haijafika, Celestini akatokea, kofia kwapani, amebeba vipande vya minyaa.

"Shemeji, wakili amenisikilizisha. Nimejisikia mwenyewe. Na Sostenes anavyocheka mle... nimeshindwa hata kula." Akaipanda yote palepale ilipokuwa, ng'ambo ya kaburi. Wakapatana waende barazani pamoja kuifuta kesi, na simu irudi kwa mwenyewe. Kisha akapangusa mikono. "Lakini lile neno, shemeji. Chumvimbili ndiyo nini?"

"Ni la siri," Deodata akasema. "Nawa mikono, ule."

Akaingia jikoni, akaweka chumvi kwenye maharage. Akaweka tena.

Celestini alikula sahani nzima, hakusema kitu. Aliomba maji tu.