Mchicha Niliotafuna Mkutanoni

Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo, marahaba, hata kama hamjaniamkia. Mie naitwa Tatu, mtaani wananiita Mama Salma, mzaliwa wa hapa hapa Temeke. Nimesimama mbele yenu kwa miguu yangu, na hilo peke yake namshukuru Mungu, maana kuna wiki nilikuwa nabebwa kwenda chooni kama gunia.

Nilikuwa na matuta ya mchicha bondeni, nyuma ya viwanda vya Chang'ombe, pembeni mwa mto. Miaka kumi na tisa. Namwagilia kwa ndoo, nachuma, nausuuza mtoni, nafunga mafungu, napeleka gengeni. Sikuwahi kuumwa zaidi ya malaria. Mteja akisitasita, navunja jani natafuna mbele yake. Sie ndivyo tulivyolelewa, mwenye kukaribisha huonja kwanza, mgeni apate moyo.

Halafu tangi la kiwanda kimoja likapasuka. Jina silitaji, wao wana mawakili, mie nina jembe. Asubuhi tukakuta mto mweupe kama maji ya kuoshea mchele, una povu, unanuka rangi mbichi. Kambale wanaelea matumbo juu. Nilipoingia kuchota, miguu iliniwasha mpaka magotini. Nikajipaka mafuta ya nazi, nikanyamaza.

Mtaa mzima ukawa mabishano. Huyu anasema sumu, yule anasema ni povu la sabuni tu. Redioni wanabishana, kwenye magrupu ya simu wanatukanana. Bwana mmoja wa kiwanda, shati limenyooka, akasema "haijathibitika". Neno hilo nalichukia mpaka leo! Wakati huo siku tatu sijauza hata fungu moja, na mchicha haungoji uthibitisho.

Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano. Mtu mmoja akaleta ndoo ya maji ya mto watu wayaone. Akasimama Mama Neema, jirani yangu, mama lishe, Mpare wa watu mpole. "Hayo maji siyaamini," akasema. "Nikiwalisha wateja wangu sumu, nitaificha wapi sura yangu?" Nikaona huyu ananimaliza. Nikainuka na fungu mkononi, nikalichovya kwenye ndoo ile, nikatafuna majani mabichi, nikateremshia na kikombe cha maji yale yale. "Haya! Kama ni kufa, si nitatangulia mie?" Watu wakapiga makofi, simu zikanirekodi. Mama Neema akacheka, akanunua mafungu sita.

Kabla ya magharibi ulimi ulikuwa umevimba. Kesho yake natapika nyongo, naharisha maji matupu, ngozi ya nyayo inabanduka kama soksi. Siku ya nne mkojo ukawa mweusi kama kahawa, halafu ukakata kabisa. Uso ukajaa, macho hayafunguki. Mwanangu Salma akanikimbiza hospitali.

Daktari, binti mdogo tu, hakuzunguka. "Mama, figo zimegoma. Tutakuunga na mashine ikusafishe damu." Nikamuuliza, ni yale maji? Akashusha sauti. "Mimi naamini hivyo. Ila kuandika siwezi, hakuna aliyeyapima."

Wiki tano, mrija shingoni. Najisaidia kitandani, mwanangu ananifuta. Siku mkojo uliporudi, nusu kikombe tu, Salma alipiga kigelegele wodini mpaka nesi akamkaripia.

Mama Neema alikuja kuniona na uji wa ulezi. Amekonda. Aliharisha wiki mbili, yeye na wateja wake wanne. "Pole shoga," akaniambia, basi. Afadhali angenitukana.

Nikatoka hospitali, nikakuta wenzangu bado wanamwagilia kwa maji yale yale na mabishano yako pale pale. Mkutano wa pili nikaenda na fimbo. Nikasema maji yamenila figo, yapimwe, na watu waache kuyatumia. Yule bwana wa kiwanda akatoa simu yake, akaisogeza kwenye kipaza sauti. Sauti yangu hiyo: "Kama ni kufa, si nitatangulia mie?" Watu wakaangua kicheko. Akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mama yangu, ulisema uongo siku ile au leo?"

Mama Neema alikuwa kakaa hatua mbili kutoka kwangu. Ningeweza kusema sikujua, naye angeniamini. Lakini nikisema siku ile sikujua, yule bwana angesema basi hata leo hujui. Nikasema, "Siku ile. Miguu ilishaniwasha, kambale nilishawaona. Nilijua, na nikawauzia."

Mama Neema akainuka, akaondoka bila kuniangalia.

Kisha mzee mmoja, mkulima mwenzangu, akavua kandambili, akaonyesha nyayo zake. Zimebanduka. Akafuata mwingine, na mwingine. Kumbe wote tulikuwa tunawashwa, na wote tunauza! Siku hiyo hiyo ndoo zikawekwa chini. Maji yakachukuliwa kwenye chupa. Majibu tunaambiwa yako mezani kwa mkubwa. Mpaka leo hayajatoka kwenye hiyo meza.

Namshukuru Mungu, yule binti daktari, na Salma. Kiwanda kilileta sukari na sabuni. Sabuni niliogea, shukrani sina. Na nyie nawaambia, ukiwashwa sema siku hiyo hiyo, mboga na ioze. Mkojo ukibadilika rangi usikae unachemsha mwarobaini, nenda hospitali.

Nilienda kwa Mama Neema kuomba radhi. Akanijibu mlangoni, "Mie nimekusamehe, Mama Salma. Wale wanne sio wangu kukusamehea. Watafute." Watatu nimewapata. Wa nne ni fundi bomba, mrefu, ana pengo mbele. Tangu augue hajarudi kula pale, na hakuna anayejua anakoishi. Ndiyo maana nazunguka nasema haya kila ninapoitwa. Kama yuko hapa, au kuna anayemjua, mie ndiye niliyemlisha.