Jogoo wa Mama Honorine

Honorine alikwenda Kampala kutibiwa macho. Ndivyo mji wa Bunia ulivyoambiwa na Dorothée, dada mkubwa wa Isidore, marehemu mumewe, mwanamke asiyetoka hata mpaka kwenye bomba bila kilemba kilichonyooka. Tatizo ni kwamba Honorine alirudi bila miwani, akaanza kupungua, na kufikia mwezi wa tano tangu arudi, kilo thelathini zilikuwa zimekwisha aga.

Ukweli ulijulikana na watu watatu: Honorine, binti yake Ketsia, na Dorothée. Madaktari walikuwa wamelipunguza tumbo lake, wakamwachia kipande chembamba kama ndizi moja. Yeye, mwalimu wa hesabu, alikuwa hawezi tena kupanda ngazi za shule bila kupumzika katikati, na sukari ilimpanda kila wiki.

"Bibi ya Isidore apasuliwe juu ya kula?" Dorothée aliuliza. "Watasema kwetu tulikuwa tunakula bila adabu. Ni macho. Tumemaliza."

Majuma ya kwanza Honorine alikunywa mchuzi wa kuku kwa kijiko cha kahawa. Kisha viazi vilivyopondwa. Siku alipokula nusu yai alikaa kwenye kiti akijishika kifua, ameshiba kama mtu aliyetoka karamuni, akacheka peke yake mpaka Ketsia akaja kuangalia kuna nini. Sheria zake zilikuwa chache: sahani ya mtoto, kutafuna mara thelathini, kutokunywa maji pamoja na chakula, na kuacha mara tu mate yakijaa kinywani. Vitu vitamu tumbo hilo halikuvitaka: glasi moja ya Fanta kwenye ubatizo ilimtoa jasho, moyo ukamwenda mbio, akalala kwenye benchi la kanisa. Kuanzia hapo mama wa kwaya wakaleta masufuria.

"Kula, Mama Ketsia, mwili irudi."

Alikula vijiko vitatu vya sombe, yale majani ya muhogo, akashukuru. Yaliyobaki aliyamaliza Ketsia, na gauni lake la harusi iliyokuwa inakaribia likaanza kugoma kufungwa.

Lakini furaha ilikuwa nyingi! Alifunga kamba za viatu mwenyewe. Katika mkutano wa walimu alipandisha mguu mmoja juu ya mwingine, kitu ambacho hakukiweza kwa miaka kumi na minane, akakataa kuushusha mpaka mkutano ukaisha na mguu ukafa ganzi.

Kisha ikafika siku ya jogoo. Familia ya Gaël, mchumba wa Ketsia, ilikimbia vita kutoka mji mdogo wa Fataki. Nyumba waliziacha, desturi walikuja nazo. Mbuzi wa mahari walikwisha pokelewa. Ilibaki moja tu: katika ukoo wao, shangazi wa kijana humpikia mama wa msichana jogoo. Mama anakula mbele ya wote, na hakuna mtu anayegusa chakula kabla hajasema ameshiba. Akikataa, moyo wake haujamwachilia binti, na ndoa haifungwi.

"Usiogope," Dorothée alisema, akamwonyesha mfuko aliouficha ndani ya liputa la Honorine, kitenge chake cha sherehe, umeshonwa vizuri, na plastiki ndani. "Unatafuna kidogo, zingine zinaingia humu."

Siku yenyewe, Angélique, shangazi wa Gaël, aliweka sahani, akavuta kiti, akaketi goti kwa goti na Honorine. Watu sitini wenye njaa waliikodolea macho sahani. Honorine alitafuna kipande cha kwanza taratibu. Angélique alipogeuka kumkemea mtu aliyefunua sufuria ya wali, paja zima likatumbukia mfukoni. Paja la pili likafuata. Plastiki ikapasuka. Doa la mafuta likaanza kutambaa juu ya liputa jipya, likapita ua moja, likapita ua la pili.

Angélique aliliangalia mpaka likafika gotini.

"Bokilo, mukwe wangu," alisema, "kuku yangu inatoroka?"

Mtu mmoja alicheka, wengine wakamtazama vibaya. Dorothée alifumba macho. Ketsia, kwenye mlango, alishika mkono wa Gaël. Honorine aliona kwamba uongo mwingine mmoja ungemaliza kila kitu. Akasimama, mapaja mawili yakaanguka miguuni pake.

"Tantine, sikuzarau chakula yako. Tumbo yangu walikata, kule Kampala. Inabeba kitu kidogo tu, sawa na ngumi ya mutoto. Nilisikia haya kusema."

"Moyo nayo walikata?"

"Hapana. Moyo iko yote."

Angélique aliwageukia wazee wake. "Desturi yetu inasema mama ashibe. Kuko mwenye alisikia inasema ashibe na kuku muzima?"

Wazee walitazamana. Hakuna aliyewahi kusikia.

"Basi, kaa." Akachana kipande cha kidari, kidogo kama ncha ya kidole gumba, akamtia kinywani kwa mkono wake mwenyewe. Honorine akatafuna. Akatafuna tena. Nyuma, kijana mwenye njaa akaanza kuhesabu kwa sauti kutoka kumi, kwa Kifaransa, "Dix! Onze!" na kabla ya ishirini uwanja mzima ulikuwa unahesabu, wazee wakigonga fimbo chini. "Trente!" Mara ya thelathini, akameza. Vigelegele! Kicheko kilimtingisha mpaka akahofia mishono yake, lakini hakuna kilichouma.

Kipande cha pili kikaenda vilevile. Kisha mate yakajaa kinywani, akainua mkono. Hakuhitaji kumdanganya mtu yeyote.

"Tantine, nimeshiba."

"Mumesikia?" Angélique alipaza sauti, akajivutia mgongo wa jogoo. "Mama ameshiba! Ketsia, mutoto yetu, acha mulango, kuja ukae huku kwetu. Na siye tukule, toka asubui tunalala njaa!"

Ketsia akavuka uwanja akikimbia. Dorothée akanyoosha kilemba, akashika upawa, akaanza kuwagawia wakwe wali.