Uso wa Ngigi

Ukiona ng'ombe aliyechorwa akitabasamu juu ya mlango wa bucha yoyote mtaani Rhonda, Nakuru, jua huo ni mkono wa Obura. Ndiyo iliyokuwa kazi yake: ng'ombe wa bucha, kuku wa hoteli na vichwa vya vibanda vya vinyozi. Vichwa hivyo vyote vilikuwa na sura moja, kwa sababu mwenye kibanda hutaka kichwa, hataki mtu.

Agosti ya 2007 vijana wasanii wa Nakuru waliandaa tamasha karibu na Kariandusi, kwenye udongo ule mweupe, mwepesi kama unga. Hapakuuzwa kitu. Kila aliyekuja alitoa alichoweza, na zawadi haikukataliwa. Siku ya mwisho kila kilichotengenezwa pale kingechomwa, uwanja ubaki kama ulivyokutwa.

Obura alienda na jirani yake Ngigi, kinyozi mwenye maneno mengi. Ngigi alinyoa watu bure kutwa, mpaka vumbi jeupe likamzeesha. Obura akamchora ubaoni akinyoa. Kwa mara ya kwanza alichora mtu: jicho la kushoto dogo kuliko la kulia, mdomo uliokuwa katikati ya utani. Watu walisimama kutazama, wakamwita msanii. Mtaani aliitwa fundi tu.

Moto ulipowashwa, Ngigi aliushika ubao.

"Hii naenda nayo. Wanjugu aone vile bwanake ni mrembo."

"Kitu ya hapa hairudi nyumbani. Hiyo ndio sheria."

"Sheria gani? Hiyo kichwa ni yangu, Obura. Ukiichoma, kesho nitavaa kofia wapi?"

Natalie, mmoja wa waandalizi, alicheka. "Mpe tu, mzee. Hapa hakuna polisi."

Lakini mgema alikuwa ameshasifiwa. Obura alitaka kuishika sheria kuliko wenye tamasha. Aliuchukua ubao mikononi mwa rafiki yake, akautia motoni. Ngigi aliitazama rangi ikitoka malengelenge.

"Sawa," alisema. "Utanichorea ingine."

"Nitakuchorea."

Hakumchorea. Zilikuja kampeni, na kwa majuma mengi Obura alichora nyuso za wagombea kwenye kuta za watu. Januari, baada ya matokeo ya uchaguzi, mtaa ukagawanyika kikabila. Ngigi aliuawa akirudi kuchukua mashine yake ya kunyoa, na nyumba yake ikaungua pamoja na kila picha iliyokuwamo.

Aprili Wanjugu alikuja kutoka kwenye mahema ya wakimbizi. Hakuketi.

"Baba Achieng', ulimchora huko Kariandusi. Aliniambia. Hiyo picha iko wapi?"

Obura aliangalia brashi zake. "Tuliichoma."

"Mliichoma."

"Niliichoma mimi, Mama Wawira."

"Basi chora ingine. Mtoto ameanza kuniuliza baba alikuwa anafanana aje, na mimi mwenyewe sijibu vizuri."

Obura alichora, akafuta, akachora tena. Mikono ilikuja bila shida, na mashine, na aproni iliyochanika mfukoni. Lakini kila alipoufikia uso, vidole vyake viliteleza kwenye njia viliyoizoea, na palepale ubaoni pakatokea kile kichwa cha kila kinyozi wa Rhonda, safi, kikitabasamu, kisicho cha mtu.

Wanjugu aliporudi, aliutazama ubao kwa muda.

"Mikono ni yake," alisema.

"Uache tu. Nitajaribu tena."

"Zawadi haikataliwi. Si ndivyo mlikuwa mnasema huko?"

Aliufunga kwa leso, uso ukielekea ndani, akaenda nao. Obura alisimama mlangoni akimtazama akipita kibanda cha Ngigi kilichofungwa. Juu ya mlango wake kilikuwapo bado kichwa kilekile, alichokichora miaka mingi nyuma, kikitabasamu. Wanjugu hakuinua macho.