Kanzu ya Uwesu

Kuluthumu anashona kanzu pale Gongoni, lakini hashoni tena tarizi ya kijani. Ya mwisho aliitia shingoni mwa kanzu ya mwanawe, Uwesu, aliyekutwa amekufa nyuma ya ghala la asali miaka tisa iliyopita.

Ridhaa, rafiki wa Uwesu tangu chuoni, alikuja kuosha maiti. Alimshika kichwa, akalia kuliko ndugu. Kwao nguo za marehemu hupewa waliomwosha, basi Kuluthumu akaikunja kanzu ile, akampa kwa mkono wake. Siku ya tatu polisi walipomkamata Ridhaa kwa kumuua Uwesu, alikuwa ameivaa.

Leo amekuja afisa wa ustawi, binti mwenye adabu. Chai aliyotengewa imepoa.

"Mama, Ridhaa ameomba parole, atoke kabla ya kumaliza kifungo. Baba yake Uwesu amekwisha kataa. Wewe unasemaje?"

"Andika hapana."

"Wataniuliza sababu, mama."

Kuluthumu akakata uzi kwa meno. "Mfungwa akitoka, huvaa nini?"

"Nguo alizoingia nazo. Zinatunzwa stoo ya gereza."

"Basi sababu ndiyo hiyo. Watu wakitoka msikitini alasiri, namwona mwanangu kwa mgongo. Najua amekufa, nilimzika, lakini namfuata hadi mtu yule ageuke, nione si yeye, nirudi zangu kushona." Akaiweka sindano chini. "Sasa huyo mkimtoa, siku moja nitaifuata kanzu niliyoishona mwenyewe. Akigeuka, nitamkuta nani?"