Daraja Lililoletwa Bila Kuitwa

Mkuu wa kitengo aliliweka andiko juu ya meza kisha akabaki amesimama, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Siku nyingine angelibwaga na kuondoka huku anaongea na simu.

"Ni la daraja," alisema. "Pale kivukoni."

Mchumi alilitazama jalada. Lilikuwa na picha ya daraja ambalo bado halipo, na chini yake maji ya buluu ambayo mto ule haujawahi kuwa nayo tangu kuumbwa.

"Ukitaka nampa mwingine."

"Mwingine yupi?"

Mkuu alijikuna shingo. Mpimaji mmoja alikuwa kwenye likizo ya uzazi, na mwingine alikuwa amehamishwa. "Basi nenda polepole," alisema, akatoka bila kufunga mlango.

Ofisini walimwita Mchumi tu, kana kwamba hakupewa jina na wazazi. Kazi yake ilikuwa kupima miradi ambayo serikali inajenga kwa ubia na kampuni binafsi. Mara nyingi serikali yenyewe ndiyo inayotangaza kwamba inataka barabara au bandari, kampuni zikaja kushindana. Lakini wapo wanaokuja wenyewe na wazo lao kwapani, hakuna aliyewaita. Hao ndio waliokuwa fungu la Mchumi. Mwanasheria wa kitengo, mwanamume mnene asiyeweza kumaliza siku bila utani, aliwaita wageni wa mlango wa nyuma. "Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone," alizoea kusema. "Hawa wakija, mwenyeji ndiye anayelazwa."

Zamani Mchumi alicheka. Tangu msiba alikuwa anasikia tu maneno yakipita.

Mume wake alifia pale kivukoni. Alikuwa amekwenda kumsalimu mama yake ng'ambo ya mto, kifua kikambana asubuhi, dada yake akatafuta gari la wagonjwa. Gari lilifika ukingoni na kukuta kivuko kimekwama upande wa pili, injini imekufa, fundi ameinama ndani yake. Mchumi alikuwa upande huo wa pili. Alikuwa amepigiwa simu, akaja na teksi ili ampokee na kumpeleka hospitali. Mto si mpana. Ukiita kwa nguvu, wa ng'ambo anakusikia. Aliliona gari jeupe, milango ya nyuma wazi, na watu wakilizunguka na kuinama na kukimbia. Kisha akaona watu wameacha kukimbia. Mmoja akaketi chini kwenye tope, na kwa gauni lake Mchumi alijua kuwa ni wifi yake.

Hakupiga kelele. Dereva wa teksi alimuuliza kama wasubiri au warudi, naye akasema, "Kama unavyoona." Kuanzia hapo kitu ndani yake kilikufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya, ila mguu huamka.

Kamati ilipokutana, jambo la kwanza alilosema lilikuwa hilo. Sheria inamtaka kila mpimaji atamke kama mradi unamgusa. Alisema kwa sauti ile ile ya kusoma ajenda: mume wangu alifariki pale, mama mkwe wangu anaishi ng'ambo, kama mnaona nitoke, nitatoka.

Mwanasheria, kwa mara ya kwanza, hakutania. Mhandisi alichezea kifuniko cha kalamu. Hatimaye mkuu akasema, "Tukimtoa kila aliyezika mtu kwa sababu ya ule mto, kamati itabaki na viti. Atachambua, uamuzi ni wa wote." Wakaandika hivyo kwenye kumbukumbu, wakaendelea.

Andiko la namna hii hupita kwenye chekecheke kadhaa. La kwanza ni hitaji: je, wananchi wanakihitaji kitu hiki, au ni kampuni inayohitaji wateja? Hapo Mchumi aliandika kwamba hitaji lipo, halina ubishi. Alipomaliza sentensi hiyo aliinuka akaenda kunywa maji, akarudi, akaendelea na chekecheke la pili.

La pili ni upya wa wazo. Anayekuja bila kuitwa anatakiwa alete kitu ambacho serikali isingekifikiria, ndipo apewe upendeleo wowote.

"Wazo lao ni kuweka daraja penye mto," alisema mhandisi. "Hilo hata mbuzi analo. Mwangalie akifika penye maji."

La tatu ndilo gumu: mambo yakiharibika, nani anabeba mzigo? Kwa ajili hiyo walikwenda kuona eneo lenyewe. Wenzake wakashuka na mhandisi kupima udongo wa ukingoni, na Mchumi akavuka kwenda kumsalimu mama mkwe wake. Kivuko kilikuwa kizima siku hiyo. Mvushaji alimtambua, akamwambia, "Pole, mama," naye akajibu, "Tumeshapoa," kama anavyojibu kila mtu.

Mama mkwe alikuwa uani, anapepeta mchele. Wifi yake alitoka ndani na kiti, akakiweka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Nasikia daraja liko mikononi mwako."

"Liko kwenye kamati, mama. Mimi napima tu."

"Si ndiyo hayo hayo. Lipitishe." Mama aliendelea kupepeta. "Wa kwangu hatarudi, lakini wa jirani asife kwa kusubiri chombo."

Mchumi alieleza kadiri alivyoweza. Kwamba kampuni inataka kivuko kiondolewe siku daraja litakapofunguliwa, ili asiwepo wa kupita pengine. Kwamba kila atakayevuka atalipa, hata wa miguu, hata mwenye kuku wawili wa kupeleka sokoni. Na magari yasipofika idadi waliyoiota, serikali iwafidie kwa muda wote wa mkataba, mpaka watoto wa leo wawe na wajukuu.

"Tutalipa," alisema mama.

"Na serikali italipa juu yake, mama. Hela hiyo hiyo ingenunua dawa za zahanati yenu."

Mama aliacha kupepeta. "Serikali ina hela nyingine," alisema. "Mimi nilikuwa na mtoto wa kiume mmoja."

Wifi akageuza uso. Mchumi akainuka na kusaidia kuchagua mawe kwenye mchele. Walichagua wote watatu mpaka honi ya gari la ofisi iliposikika ng'ambo.

Wenye kampuni waliitwa kujieleza. Mkurugenzi wao alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya kubembeleza, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Hakujua chochote kuhusu mwanamke aliyekaa mbele yake.

"Ndugu zangu," alianza, "tusijidanganye. Daraja hili lingekuwepo mwaka jana, kuna watu leo wangekuwa nyumbani kwao, wanakula chakula cha mchana na wake zao."

Mwanasheria akatazama dirisha. Mkuu akafungua mdomo ili aahirishe kikao, lakini Mchumi alikuwa tayari ameanza.

"Mvua ikichelewesha ujenzi, gharama inabebwa na nani?"

"Hilo, kwa mujibu wa andiko letu, ni la serikali."

"Chuma kikipanda bei?"

"Serikali."

"Magari yakiwa machache?"

"Tumeeleza. Serikali inatoa dhamana."

"Daraja likipata ufa?"

Mkurugenzi aligeukia wenzake, wakanong'onezana. "Baada ya miaka ya mwanzo, serikali."

"Na nyinyi mnabeba nini?"

Yule bwana alitabasamu. "Sisi, dada yangu, tumebeba wazo."

Mhandisi alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua. Mchumi hakutabasamu wala hakukasirika. Aliandika jibu kama lilivyosemwa, akashukuru, akauliza kama kuna mwenye swali jingine.

Maoni yake hayakuwa marefu. Daraja linahitajika, na linahitajika haraka. Lakini kwa masharti haya nyama ni ya kampuni na mifupa ni ya wananchi. Wazo si jipya, hivyo hakuna sababu ya kumpa mtu mmoja bila ushindani. Alipendekeza andiko lirudishwe, daraja liingizwe kwenye mpango wa serikali yenyewe na litangazwe, kila mwenye uwezo aje ashindane, wakiwemo hao waliolileta. Na wakati watu wanasubiri, kinunuliwe kivuko cha pili. Aya ya mwisho aliiandika mara moja, hakuisoma tena.

Mkuu aliisoma akiwa ameshika kichwa. "Unajua simu zinazopigwa hapa? Watu wakubwa wanalitaka hili."

"Najua."

"Na wewe, kati ya watu wote, ungeweza kulipitisha. Hakuna ambaye angekulaumu."

"Ndiyo maana," alisema Mchumi.

Kamati ikakubaliana naye, mkuu akatia saini huku akisema kwamba ataenda kulima nyanya wakimfukuza. Hawakumfukuza. Kampuni ilileta barua ya masikitiko, kisha ikapotea na picha yake ya maji ya buluu.

Wifi yake alipiga simu jioni habari ile ilipotoka.

"Umelikataa?"

"Masharti yake, wifi. Daraja hatujalikataa."

"Kaka angekuwa hai angekuuliza wewe ni mtu wa namna gani."

Simu ikakatika. Mchumi aliiweka mezani, akamalizia kukunja nguo zilizokauka. Alifika kwenye shati moja la marehemu lililojificha kati ya shuka, akalikunja nalo, mikono ndani, kola juu, akaliweka kwenye fungu. Alijua kwamba hapo mtu hulia. Alingoja kidogo aone kama atalia, kisha akaenda kuzima jiko.

Kivuko cha pili kilikuja kabla ya masika yaliyofuata. Daraja likatangazwa baadaye sana, baada ya ucheleweshaji ambao kila mmoja ofisini alikuwa na mtu wa kumlaumu. Kampuni kadhaa zikashindana, na iliyoshinda ikakubali kubeba mvua, chuma na nyufa, na wa miguu wapite bure. Wakati huo wote wifi hakupiga simu. Mchumi alikuwa akituma salamu kwa mama mkwe kupitia mvushaji, na mvushaji alimletea majibu mafupi: mama amesikia, mama hajambo, mama miguu inauma. Katikati ya hayo kuna mwezi ambao kivuko kimoja kiliharibika na cha pili kikamvusha mama mjamzito wa watu wengine, akajifungua salama. Mchumi alielezwa, akasema, "Vizuri," na akaona kwamba ni vizuri kweli, kwa mbali, kama mtu anayesoma bango la ng'ambo ya barabara.

Siku daraja lilipofunguliwa hakwenda. Alialikwa, lakini mezani kulikuwa na andiko jipya, kampuni fulani inataka kujenga stendi ya mabasi ambayo hakuna aliyeiomba. Alikuwa kwenye ukurasa wa hitaji simu ilipoita.

Alikuwa wifi. Hakusalimia. Kulikuwa na kelele za honi na vigelegele, na upepo unaopiga kwenye simu.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Tuko katikati. Mama amekataa gari la wageni waalikwa. Anasema anavuka kwa miguu yake."

"Miguu si inamuuma?"

"Nani wa kumwambia? Ameshatangulia."

Mchumi alisikiliza upepo. Hakuna aliyekata.

"Amevaa nini miguuni?" aliuliza.

"Ndala."

"Mwambie atembee pembeni, kwenye zege. Lami mpya ina moto."

Wifi alicheka, kicheko kilichokatika katikati na kugeuka kitu kingine, kisha Mchumi akamsikia anapaza sauti kwenye upepo: "Mama! Mkweo huyu huku anasema pita pembeni!"