Mwisho Uliowaliza Wote

Mgeni yeyote aliyefika kwa Mwalimu Karugendo, mstaafu wa Kashai, alipewa kahawa ya kutafuna, kisha kitabu. Alivyovipenda vilikuwa vinne: cha falsafa, cha dini, kumbukumbu za maisha ya muuguzi mmoja, na riwaya nene aliyoinunua mtumba. Vilirudi safi kama vilivyotoka, na hilo lilimkera kupita kiasi.

"Watu hawa hawasomi!" alimfokea mkewe, kana kwamba yeye ndiye aliyewazuia. "Wanakitembeza kitabu tu!"

Ila riwaya waliisifu wote. Mwisho wake, walisema, uliwaliza.

Juzi Rozi, muuza dagaa wa visiwani Muleba, aliirudisha ikinuka samaki, amekunja uso. Hakungoja hata kahawa.

"Mwalimu, umenipa kitabu kibovu. Kurasa za mwisho zimechanwa. Binti amefika mlangoni kwa baba yake, hajapiga hodi, basi!"

Karugendo alifunua nyuma. Kweli zilichanwa, tena zamani, maana gundi ilishakauka na kuingia vumbi. Hasira zikampanda. Akaanza kuwataja mmoja mmoja: katibu wa jumuiya, jirani, shemeji yake.

"Waongo wakubwa! Miaka sita wananiambia wamelia!"

"Hao achana nao," Rozi alisema. "Wewe ndiye uliyeniambia mwisho ndio mtamu kuliko kote. Haya, nieleze. Alipiga hodi au hakupiga?"

Mkewe aliacha kumenya ndizi, akageuka naye kusikiliza.