Nyumba ya Kukaa na Mume Wangu

Mume wangu alifanya kazi kwenye ghala la mahindi Kitale, nami niliishi kwa wazazi wake Kabuchai, nikilima. Miaka ya hamsini ndoa nyingi za kwetu zilikuwa hivyo. Chumba alichopewa mjini kilikuwa cha wanaume watupu, vitanda vimebanana. Nilipomtembelea baada ya mavuno, wenzake waliondoka kwa heshima wakaenda kulala kwa marafiki, nasi tukabaki na aibu ya kuwatoa watu kwao. Asubuhi askari wa mji alipita akigonga milango, akitafuta wake za watu, maana hatukuruhusiwa kulala humo. Nilirudi kwa basi, harufu ya shati lake bado puani.

Nyumba za kupanga za watu wenye familia zilikuwepo, ila kodi yake ilimeza mshahara wote.

Kisha ikatangazwa kwamba Waafrika watachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Mume wangu hakuwa na kura, wala mimi. Kura ilikuwa ya wenye elimu au mali. Basi sisi wanawake wa kanisani, ambao waume zetu walikuwa mjini, tukakubaliana kuwaendea wenye kura. Tulimwendea mwalimu wa shule yetu, tukatembea hadi Lugulu kwa watu wa hospitali ya misheni. Tuliwaomba jambo moja: mgombea akija, wamuulize habari ya nyumba kwanza. Wengine walitucheka, wakasema ardhi ndiyo siasa. Mwalimu hakucheka.

Mgombea alikuja Bungoma, akahutubia uwanjani karibu na soko. Mwalimu alipomuuliza, alijibu kwamba nyumba ni kazi ya baraza la mji, akataka kuendelea. Mwalimu hakuketi. Alisema yuko mama anayeweza kulieleza jambo hili vizuri kuliko yeye mwalimu, akanigeukia. Nilisimama.

"Mzee, mimi ni mke wa mtu," nikasema. "Nimezaa naye watoto wawili, na bado sijui akiamka asubuhi huwa anasema nini. Sasa hiyo si siasa?"

Yule mgombea alinitazama, akavua kofia yake.

"Hiyo ni siasa, mama," akasema.

Tangu siku hiyo alilisema jambo la nyumba katika kila mkutano, na aliposhinda hakuliacha. Hata hivyo ilichukua miaka. Mwishowe zikajengwa Kitale nyumba za vyumba viwili, kwa kodi ambayo kibarua aliiweza, na moja tukapata.

Nilihamia na mtoto mdogo. Binti yetu mkubwa alibaki Kabuchai amalize mwaka shuleni, akaja likizo. Baba yake alikuwa amemtengenezea kitanda kwa mbao za masanduku. Alilala juu yake kama mgeni, ametandika vizuri kila asubuhi, hagusi kitu bila kuomba. Jioni moja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, nyumbani kwa kukhu tunarudi lini?"

Kukhu ni bibi yake, aliyemlea nilipokuwa shambani. Nilimwambia nyumbani ni hapa. Akaitikia kwa adabu. Mume wangu aliinua macho kutoka kwenye sahani.

Shule zilipofunguliwa nilimrudisha mwenyewe. Ndani ya basi alisinzia begani kwangu hadi tukapita Kamukuywa. Hapo akaamka, akaijua njia, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu.